Nusu siku mjini Fes inatosha, msikubali iishie madukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba safari ya nusu siku ya kutembezwa mji wa Fes, Moroko, ni kutupa hela. Anasema alizungushwa asubuhi nzima, akarudi hotelini na zulia ambalo hakuwa na haja nalo, na leo ukimuuliza jina la msikiti mmoja wa mji ule hana. Simlaumu hata kidogo. Yaliyomkuta yalinikuta na mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijaliwa kuirudia asubuhi ile siku mbili baadaye, mji uleule, nusu siku ileile, na mwongozaji mwingine. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nusu siku inatosha. Kinachoila ni maduka, na msafiri anaweza kulizuia jambo hilo kabla hajatoa hata dirhamu moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimefundisha sekondari miaka 31. Mwanangu wa mwisho anasoma uhandisi huko Fes kwa ufadhili wa serikali ya Moroko, na mwanzoni mwa Novemba mwaka jana nilikwenda kumwona. Katikati ya wiki alikuwa na mitihani, kwa hiyo Alhamisi akanitafutia safari ya kikundi kupitia hoteli niliyofikia, ili mama asishinde chumbani. Dirhamu 350, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, watu wanane kwenye gari dogo. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu, anazungumza lugha nne, na shingoni amening'iniza beji ya serikali. Hilo la beji nalitaja kwa makusudi, kwa sababu kila anayekwenda Moroko huambiwa kwamba akishaiona beji asiwe na wasiwasi tena. Ni kweli inasaidia. Sheria ya huko inakataza mtu asiye na leseni kuongoza wageni, na beji inakuepusha na vijana wanaokufuata langoni wakidai kwamba njia unayotaka kupita imefungwa. Lakini beji haisemi asubuhi yako itatumikaje.

Nina mazoea ya darasani ya kuandika saa. Daftari langu la Alhamisi ile linaonyesha hivi: ndani ya gari, dakika 20. Mbele ya milango ya shaba ya ikulu ya mfalme, katika ule upande uitwao Fes Mpya (mpya kwa jina tu, maana ulianzishwa mwaka 1276), dakika 10 za kupiga picha. Borj Sud, ngome iliyo juu ya kilima upande wa kusini, dakika 15, na hapo kweli macho yalishiba, maana mji mkongwe wote umelala bondeni mbele yako, minara ya mraba imechomoza na mapaa ya misikiti yana vigae vya kijani. Kiwanda cha vyungu na vigae, dakika 45, na zaidi ya nusu ya hizo tulikuwa ndani ya duka lake. Mji mkongwe tukauingia saa tano kamili. Huko duka la ngozi likachukua dakika 35, duka la dawa za miti shamba na mafuta ya argani dakika 25, nyumba ya mazulia dakika 40. Jumlisha maduka hayo manne, zinakuja dakika 145. Mji wenyewe, uliotutoa makwetu, ulibakiwa na dakika 50, nazo tulizimaliza kwa kukimbizwa kutoka duka moja hadi jingine.

Duka la ngozi sitalisema vibaya kabisa, kwa sababu bila hilo ni vigumu mgeni kupaona Chouara. Chouara ni mahali pa kutengenezea ngozi, karibu na mto, pa tangu karne nyingi, na roshani zote zinazopatazama kwa juu ni za wenye maduka. Hutozwi kiingilio, malipo yako ni kupita katikati ya mabegi na makoti ukipanda na ukishuka. Mlangoni unapewa kijiti cha nanaa ukishikilie puani. Nilikishikilia kidogo nikakishusha, kwa sababu nilitaka kupajua mahali pale kama palivyo, na harufu yake ndiyo habari ya kwanza. Chini yako ni mashimo ya mawe yaliyopangana kama masega ya nyuki. Upande mmoja ni meupe, ndiyo yenye chokaa na kinyesi cha njiwa, ya kulainishia ngozi. Upande wa pili ni ya rangi: kahawia, nyekundu, rangi ya hina. Kijana mmoja, suruali ameikunja hadi mapajani, alikuwa ndani ya shimo jeupe akizikanyaga ngozi za mbuzi, mguu huu, mguu ule, kwa mwendo mmoja usiobadilika, na kila baada ya muda huinama akaikamata moja, akaigeuza, akairudisha. Wenyeji wanapaita pale Dar Dbagh. Nikakumbuka kwamba na sisi tunasema kudabighi ngozi. Nikamuuliza mwongozaji ngozi hukaa kwenye chokaa siku ngapi. Akanijibu kwamba makoti ya chini ni ya ngozi halisi na siku hiyo kuna punguzo.

Kutoka pale tukapita mbele ya madrasa ya Bou Inania, akasema tutarudi. Hatukurudi. Saa saba kasorobo tukasimama kwenye mmoja wa milango ya Msikiti wa al-Qarawiyyin. Dakika tatu, nimeziandika. Akawaambia wenzangu, ambao wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya, kwamba wasio Waislamu hawaruhusiwi kuvuka kizingiti, wapige picha hapohapo, kisha twende. Mimi ni Mwislamu, Mhariri. Nimewafundisha mabinti wa watu kwa miaka 31 kwamba mwaka 859 mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri, ambaye jamaa zake walihamia Fes kutoka Kairouan (Tunisia ya leo), alichukua mali aliyorithi akajenga msikiti, na msikiti ule ukawa chuo ambacho mpaka leo kinafundisha. Habari zake tumezipata kwa mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, na mwalimu mwangalifu huwaeleza wanafunzi kwamba karne tano ni masafa marefu kwa habari kusafiri. Hata hivyo jina lake nimelitamka darasani mara nyingi kuliko majina ya masultani wengi. Nilikuwa kwenye mlango wake, na Adhuhuri inakaribia.

Adhana ilinikuta nimekaa kwenye nyumba ya mazulia, gilasi ya chai ya nanaa mkononi, vijana wawili wakitukunjulia zulia la kumi na ngapi sijui. Saa saba na dakika kumi. Kwanza ikasikika kwa mbali, kisha mnara wa karibu ukaipokea, kisha mwingine. Nikainuka nikamwambia mwongozaji naomba niende nikaswali, nitajua njia ya kurudi. Akasema, "Dakika tano tu, mama, tunamalizia." Tulipomaliza gari lilikuwa linatungoja uwanja wa R'cif na muda ulikuwa umekwisha. Niliswali Adhuhuri chumbani hotelini. Mwanangu alipokuja jioni aliniuliza nimeionaje Fes, nikashindwa kumjibu.

Huo ndio ubaya ninaotaka wasomaji waufahamu, na sisemi kwamba yule kijana ni mtu mbaya. Mwongozaji wa pili, nitakayemsimulia sasa hivi, alinifafanulia bila kuficha. Katika safari za kikundi za bei rahisi mwongozaji hupewa ujira mdogo, na kilichopungua hukitafuta kwenye kamisheni ya maduka. Katika watu wanane akapatikana mmoja wa kununua zulia, siku yake imelipa. Wakikataa wote, kachoka bure. Kwa hiyo unapolipa kidogo asubuhi, fahamu kwamba umeshauzwa kwa wenye maduka, na hakuna aliyekuambia.

Mwanangu aliulizia kwa wanafunzi wenzake akapata mzee mmoja, naye ana beji, anayefanya kazi peke yake. Alimpigia simu mbele yangu. Maneno yake yalikuwa machache na naomba wasomaji wayashike: mama hataki kuingia duka lolote, anataka mji, na ujira wako wote utatoka kwetu. Mzee akataja dirhamu 400. Mwanangu akamwambia tutakupa 500, kwa kuwa tunajua unakosa nini ukituepusha na maduka. Tulikuwa wawili, kwa hiyo kila mmoja ikawa 250, pungufu ya zile 350 za kikundi, na juu yake kiingilio cha dirhamu 20 kwa kila madrasa tuliyoingia. Anayedhani kwamba mwongozaji wa peke yako ni wa matajiri apige hesabu hiyo tena.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukakutana Bab Bou Jeloud. Ni lango la mwaka 1913, kwa hiyo kwa umri wa Fes ni mtoto, lakini ni zuri: upande wa nje vigae vya buluu, ambayo ni rangi ya mji, upande wa ndani vya kijani. Mzee alikuwa amevaa jalaba la sufi la kahawia na kobazi za ngozi ya manjano. Alinisalimia, akaniuliza kama magoti yangu ni mazima, maana tutateremka mteremko mrefu. Tukaishika Talaa Kebira, ile njia kuu inayoshuka mpaka moyoni mwa mji. Magari hayaingii mji mkongwe. Mizigo yote hubebwa na mikokoteni, nyumbu na punda. Mitungi ya gesi, mbao, makreti ya soda, ngozi mbichi. Mwenye nyumbu anapaza sauti, "Balak! Balak!", nawe unajibana ukutani. Mara ya kwanza mwanangu alinivuta mkono. Mara ya tatu nilijibana mwenyewe.

Bou Inania tulikaa karibu saa nzima. Siku ya Alhamisi tuliipita tu. Mzee hakuhutubia. Alitukalisha pembeni mwa ua akaniambia nianze kutazama chini nipande juu taratibu. Chini, hadi kimo cha mtu, ni vigae vidogovidogo vilivyokatwa kwa mkono kimoja kimoja na kupangwa kuwa nyota. Juu yake plasta iliyochongwa mpaka ikawa kama kitambaa cha lesi. Juu kabisa mbao za mwerezi, nyeusi kwa uzee, zimejaa maandishi. Ndani ya ua hupita mfereji wa maji. Ghorofani ni vijidirisha vya vyumba vya wanafunzi, na mwanangu, ambaye analalamikia udogo wa chumba chake cha bweni, alivitazama akanyamaza. Hapa hata msomaji asiye Mwislamu anakaribishwa, hadi ukingo wa sehemu ya kuswalia, na ni bahati kubwa kwake, kwa kuwa karibu misikiti yote ya Moroko haruhusiwi kuingia.

Kisha mzee akaniuliza, mwanangu akitafsiri, "Ustadha, unafundisha nini?" Nikamwambia historia. "Na kwenu ni wapi?" Nikamwambia pwani ya Afrika Mashariki. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jina la jamaa wa mbali, akasema, "Ibn Battuta alifika kwenu."

Wasomaji wengi wamesoma shuleni kwamba Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mimi mwaka huo nimeuandika ubaoni mara nisizoweza kuhesabu. Nilichokuwa sijawahi kuwafundisha wanafunzi wangu, na sasa nasikitika, ni kwamba habari hizo ziliandikwa wapi. Ziliandikwa Fes. Ibn Battuta aliondoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akarudi Moroko mwaka 1349, akatoka tena kwenda Andalusia (kusini mwa Hispania), kisha akavuka Sahara hadi Mali. Aliporudi, Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini alimwamuru aketi asimulie aliyoyaona, na akamwekea mwandishi kutoka Granada, Ibn Juzayy. Kazi ilikamilika Desemba 1355. Na Abu Inan ndiye aliyeijenga madrasa ile tuliyokuwa tumekaa ndani yake, miaka hiyohiyo. Mzee akanyoosha kidole kwenye mbao za mwerezi akasema mafundi walikuwa wakizichonga hizo wakati Kilwa inaandikwa.

Mhariri, mwili ulinisisimka. Miaka 24 baada ya kuondoka Kilwa, mtu mzima sasa, mbali na bahari yetu, katika mji wa baridi ulio bondeni, yule mtu bado alikuwa anakumbuka watu wa Mombasa wanavyoteka maji. Alieleza kwamba misikiti ya Mombasa ni ya mbao, imejengwa vizuri sana, na kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili. Maji hutekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kwa sababu watu hutembea peku. Alikumbuka chakula chao, ndizi na samaki. Akaisifu Kilwa kuwa ni katika miji mizuri kuliko yote na iliyojengwa kwa ustadi. Akamsifu na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake: siku ya Ijumaa akitoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani akazivua akampa. Habari haiishii hapo, na mwalimu hapaswi kuikatisha: mwanawe alizirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu walikuwa mali ya kutoa kama pembe. Hayo nayo yaliandikwa Fes.

Nilimsimulia mzee yote haya palepale uani, na mambo yakageuka, mwongozaji akawa ndiye anayeuliza. Alijua kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa. Alichokuwa hajui ni kama Kilwa ipo. "Bado ipo?" aliniuliza. Nikamwambia ipo. Msikiti Mkuu, ambao Sultani al-Hasan aliupanua, kuba zake nyingine bado zimesimama kisiwani Kilwa. Magofu ya jumba lake, Husuni Kubwa, yako juu ya jabali yanaitazama bahari. Na nikamwambia jambo ambalo lilimfurahisha kuliko yote: Kilwa Kisiwani na mji mkongwe wa Fes viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 1981. Alichukua daftari langu akaliandika neno Kilwa kwa herufi za Kiarabu, kubwa, akaniuliza kama ameliandika sawasawa.

Yaliyobaki ya asubuhi ile nitayapitia upesi. Ng'ambo ya njia, mbele ya madrasa, tuliitazama Dar al-Magana, saa ya maji ya mwaka 1357, madirisha yake 12 yamejipanga ukutani. Jinsi ilivyofanya kazi hakuna fundi wa leo anayeweza kuieleza yote. Tukateremka hadi soko la viungo na madrasa ya al-Attarine, ndogo kuliko Bou Inania, ya miaka ya 1323 hadi 1325, na kwa macho yangu ndiyo iliyonakshiwa kwa utulivu zaidi. Nilimuuliza mzee lile swali langu la Chouara. Siku mbili tatu kwenye chokaa, alisema, kisha ngozi husuguliwa, kisha inaingia kwenye shimo la pili, na akaendelea kunieleza tangu hapo mpaka tukafika msikitini.

Saa saba kasoro dakika tano alituacha kwenye mlango uleule wa Alhamisi. Akasema atatungoja kwenye benchi la mshona kofia, tusiwe na haraka. Mwanangu akaingia upande wa wanaume, mimi nikaelekezwa kwa wanawake. Nilivua viatu nikavishika mkononi, soli kwa soli. Kwa mbali niliuona ua, na birika la maji katikati, na mtu mmoja akinawa taratibu. Matao meupe, safu nyuma ya safu. Adhana ilipoanza, bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu alijisogeza kunipa nafasi, akanipapasa goti, bila neno. Baada ya swala nilikaa kidogo. Niliomba dua kwa wanafunzi wangu, na kwa Fatima.

Tulimalizia Seffarine, kiwanja cha wafua shaba, nyuma ya maktaba ya Qarawiyyin. Maktaba ile ilikarabatiwa na msanifu majengo Aziza Chaouni, binti wa Fes, ikafunguliwa upya mwaka 2016. Humo imo nakala ya historia ya Ibn Khaldun ambayo mwenyewe aliiweka wakfu. Hatukuingia ndani, lakini nilifurahi kujua kwamba kazi iliyoanzwa na mwanamke ilifikia mikononi mwa mwanamke. Kiwanjani mafundi wanagonga sufuria kila mmoja kwa pigo lake, na ukikaa kitambo unasikia wanavyopokezana. Nikanunua bakuli la shaba kwa fundi aliyekuwa anamalizia kulifua, dirhamu 120. Mzee alijitenga mbali wakati wa kuelewana bei, ili fundi asije akadhani anamdai kitu. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya; sina ugomvi na wauzaji, na kazi za mikono za Fes ni za kuheshimiwa. Niliyoyakataa ni yale ya kufungiwa ndani ya chumba cha mazulia wakati mji uko nje.

Kwa msomaji mwenzangu, na kwa wengine wanaofikiria kwenda: semeni kabla ya kulipa, kwa simu au kwa maandishi, maduka mangapi na dakika ngapi. Atakayejibu kwa kuzungukazunguka, muacheni. Ongezeni kitu kwenye ujira wa mwongozaji na mwambieni sababu. Asubuhi moja msiigawe kati ya ikulu, ngome, kiwanda cha vigae na mji mkongwe. Ingieni Bab Bou Jeloud moja kwa moja mkatokee R'cif, ambako kuna teksi ndogo nyekundu zenye mita. Na kama ni Mwislamu, uliza saa ya Adhuhuri kwanza, ndipo upange safari kuizunguka, kwa sababu Novemba adhana huja baada tu ya saa saba, wakati safari nyingi za nusu siku ziko kwenye duka la mwisho.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Wiki iliyopita mwanangu ameniandikia kwamba alikutana na yule mzee sokoni, naye akamuulizia mama na Kilwa. Anasema tangu siku ile kila anapokaa na wageni uani Bou Inania huwasimulia visima vya Mombasa na nguo za sultani, na wageni humuuliza huo msikiti wa Kilwa unafananaje, naye hana cha kuwaonyesha. Ikiwa katika hifadhi ya gazeti lako mna picha nzuri ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, iliyopigwa kwa ndani ambako kuba na nguzo zinaonekana, naomba unisaidie nakala. Gharama ya kuisafisha na kuituma Fes nitailipa mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa historia